Meza Kumi na Moja za Mama Randa

Saa tatu na nusu asubuhi Mama Randa aliweka kiwiko juu ya meza ya kumi na mbili ili afunge kamba ya kiatu, na ubao ukamtoroka chini ya mkono. Ulishuka mara moja, paa! Kopo la penseli lililokuwa juu yake likarukia kwenye maranda sakafuni, na yeye akabaki ameinama vile vile, kamba mkononi.

Pale mlangoni Redio aliacha hadithi katikati. Hilo peke yake lilikuwa jambo la kutisha. Redio alikuwa mzee wa kupaka vanishi, na jina hakupewa bure: tangu anafungua kopo asubuhi mpaka anaosha brashi jioni, alikuwa hewani.

"Nini hicho kimelia?" aliuliza.

"Ubao umeshuka."

"Umeushusha."

"Sijaushusha, Redio. Umeshuka wenyewe."

Meza hiyo ilikuwa ya sampuli, ndiyo maana ilibaki karakanani. Nyingine kumi na moja zilikuwa shuleni tangu Alhamisi, kwenye chumba cha sanaa cha watoto wa chekechea. Zilikuwa meza za kuchorea. Ubao wake wa juu uliinuka kama kifuniko cha sanduku: upande wa mtoto umefungwa kwa bawaba, upande wa mbali unashikiliwa na egemeo, yaani kijiti kinachokanyaga mojawapo ya meno manne yaliyochongwa ndani ya fremu. Jino la kwanza kwa mteremko mdogo, la nne kwa mteremko mkali. Mtoto akitaka kufinyanga udongo, anaulaza ubao wote. Mama Randa aliyapenda sana yale meno. Aliyachonga mafupi, akayapitisha msasa mpaka yakawa laini kama fizi, ili mtoto wa miaka mitano aweze kubadilisha mteremko mwenyewe, kwa vidole vyake, bila kumwita mwalimu.

Aliuinua ubao tena, akaukandamiza kwa viganja viwili kwa nguvu zake zote. Ukakaa imara. Ndivyo alivyozijaribu zote kabla ya kupakiwa. Kisha akafanya kama alivyofanya na kiatu: akaegemea kwa kiwiko, akasukuma mbele kidogo. Paa! Akarudia. Ukakaa. Akarudia. Paa! Mara tano alijaribu, mara tatu ulishuka.

"Nani anakandamiza meza kwa viganja?" alisema, kama anamgombeza mtu. "Mtoto hakandamizi. Mtoto anajilaza juu yake."

Redio alikuwa akiangalia kingo za ubao, pale ambapo mtoto hushika ili karatasi isimkimbie, dole gumba juu, vidole vinne vimekunjwa kwa chini.

Hapo ndipo maneno ya Ijumaa yalipomrudia Mama Randa. Mwalimu wa chumba kile alikuwa bintiye wa kumzaa. Alimpigia simu Ijumaa jioni, wakaongea hili na lile, kisha akasema, "Mama, kuna meza moja leo ilishuka ghafla. Bahati hakukuwa na mtu." Na yeye, huku akitafuta tupa yake ya kunolea chini ya benchi, akajibu, "Hawajazizoea tu. Waambie waache kuzichezea." Basi. Wakaendelea na mengine.

Leo ilikuwa Jumanne. Saa nne kamili watoto wangeanza kupaka rangi mbele ya wageni: afisa elimu na kamati ya wazazi, walioalikwa na mwalimu mkuu kuja kukiona chumba kipya.

Alimpigia bintiye. Simu iliita mpaka ikakata. Walimu wa shule ile waliacha simu zao kwenye droo ya ofisi mpaka saa ya chai. Akapiga ofisini. Karani alipokea huku akitafuna kitu.

"Mwalimu mkuu ana wageni, mama. Piga baada ya saa tano."

"Sitaki mwalimu mkuu. Nenda chumba cha sanaa, uwaambie walaze mbao. Walaze!"

"Walale? Watoto? Saa hizi?"

"Mbao! Za meza! Zilazwe zote, asiziegemee mtu!"

"Mama, sikusikii vizuri, mtandao..." Na simu ikakata.

Mama Randa aliitazama simu kama anayetaka kuitupa. Kisha akavua aproni, akachukua bisibisi bila kujua ataifanyia nini, na kutoka. Kamba ya kiatu kimoja ilikuwa bado haijafungwa.

Kutoka karakana hadi shuleni ni dakika ishirini kwa mtu mwenye goti zima. Lake la kulia lilikuwa bovu tangu zamani, lakini asubuhi hiyo lilitakiwa kunyamaza. Alipita kwa wachomeleaji vyuma, akapita kwa mafundi cherehani. Mmoja wao, shoga yake wa miaka mingi, alipaza sauti, "Mama Randa, leo unamkimbiza nani?" Hakujibu, na yule akashusha mkasi wake taratibu, maana Mama Randa hakuwa mtu wa kupita bila utani.

Njia nzima alikuwa akihesabu watoto. Ishirini na wawili, wawili kila meza, bega kwa bega. Mmoja anaegemea, mwenzake ana vidole kwenye ukingo. Alijaribu kukumbuka aliziacha meza kwenye jino la ngapi. Alikumbuka vizuri sana. Siku ya kukabidhi alikuwa ameziweka zote kwenye jino la nne, lile la juu kabisa, kwa sababu hivyo zilipendeza kwenye picha.

Getini mlinzi alimzuia kwa heshima zote.

"Shikamoo mama. Leo lazima kitabu. Kuna wageni wakubwa."

"Marahaba. Kijana wangu, mimi ni fundi wa meza. Unanijua."

"Nakujua, lakini kitabu hakikujui."

Hakukuwa na muda wa kubishana. Alishika kalamu. Jina, muda wa kuingia, sababu ya kuja. Kwenye sababu aliandika neno moja, VIDOLE, akamwacha mlinzi amelikodolea macho.

Mlango wa chumba cha sanaa ulikuwa wazi. Wageni walipangwa ukutani kwenye viti vya kuazima, na mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kufika nyuma ya uwanja, alikuwa akieleza jinsi shule yake ilivyowafikiria watoto kuanzia nyayo mpaka shingo. Vikombe vya rangi vilikuwa tayari kwenye matundu yake ya fremu. Brashi zilikuwa mikononi. Binti yake Mama Randa alisimama katikati ya meza, kitambaa begani, akamwona mama yake mlangoni akihema, na tabasamu lake likasita.

Mama Randa hakumwangalia. Alikuwa akimtazama mtoto mmoja wa meza ya dirishani. Walimwita Kifaru, kwa kuwa hakujua kuzunguka kitu. Alipita katikati, kichwa mbele. Alikuwa amepiga magoti juu ya kigoda, kifua chote kipo juu ya ubao, anausukuma ili aifikie rangi ya bluu upande wa mbali. Mkono wa kushoto umeshika ukingo. Na kutoka pale mlangoni jicho la fundi liliona kilichokuwa chini: egemeo limeshapanda mgongo wa jino, limebaki kwenye ncha.

Hakukumbuka baadaye alifikaje. Walioona walisema alipita kati ya meza kama mtu anayevuka moto. Alimsukuma Kifaru kwa bega, akaingiza mkono wake mwenyewe chini ya ubao, na ubao ukashuka.

Paa haikusikika safari hii. Kilisikika kitu kizito, laini. Kisha bluu yote ikamwagika.

Watoto wawili watatu walicheka wakidhani ni mchezo. Kifaru, aliyekuwa chini, alianza kulia kwa hasira, kwa sababu ya rangi yake. Mama Randa aliuinua ubao kwa mkono wa kulia, akautoa wa kushoto, akaukumbatia kwapani bila kuutazama. Macho yalimjaa maji.

"Fundi wetu huyu," mwalimu mkuu alisema kwa haraka, akiwageukia wageni kwa tabasamu la plastiki. "Anamalizia marekebisho madogo madogo."

Palikuwa na nafasi hapo. Angeweza kuitikia kwa kichwa, azilaze mbao moja moja kama mtu anayepanga vitu, aondoke zake, na jioni waongee faraghani. Mwalimu mkuu alikuwa akimwomba hivyo kwa macho. Bintiye naye alikuwa akimwomba, kwa namna yake.

"Si madogo," alisema Mama Randa. Akawageukia watoto. "Watoto, wapenzi wangu, simameni. Mikono juu kama mnataka kushika dari. Hivyohivyo. Rudini nyuma mpaka ukutani." Watoto ishirini na wawili waliinua mikono na brashi zao, rangi ikiwachuruzika hadi kwenye viwiko. "Meza hizi zina kasoro. Ubao unaweza kushuka ukambana mtoto vidole. Kosa ni langu mimi niliyezichonga."

Kisha akazilaza zote kumi na moja, kwa mkono mmoja, mbele ya wageni wote.

Ofisini mwalimu mkuu hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimpa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, akasubiri mpaka aliposhika vizuri, ndipo akasema, "Ulikuwa na siku tano za kuja kuniambia. Umechagua leo, saa nne."

"Nimejua leo, saa tatu na nusu."

"Hakuna aliyekuwa ameona dalili yoyote?"

Mama Randa alifungua kinywa. Nje ya dirisha alimwona bintiye akiwasafisha watoto mikono kwenye ndoo, mgongo umenyooka kama rula. Akisema kwamba mwalimu aliona, mwalimu ataulizwa kwa nini Jumanne aliwakalisha watoto pale pale. Akasema, "Nitaongea na kamati," na kumbe kukwepa kwenyewe kulifanya mambo kuwa mabaya, kwa sababu mwalimu mkuu alilisoma jibu usoni mwake na kwenda kumuuliza binti huyohuyo kabla ya saa sita.

Vidole viwili vilikuwa vimepondeka. Mganga wa zahanati alimwambia mifupa imepona kwa bahati tu, kucha zitaondoka. Jioni yake binti alikuja karakanani, hakukaa.

"Nilikwambia Ijumaa," alisema.

"Uliniambia."

"Ukanijibu kama mtoto. 'Wasizichezee.' Nami nikakuamini, kwa sababu ni wewe. Ingekuwa fundi mwingine ningezifunga kamba siku ileile. Leo nimesimamishwa ofisini nikiulizwa kama napendelea mama yangu kuliko watoto wa watu. Ungekuwa wewe ungejibu nini?"

Binti alimuaga Redio, akamwita babu kwa adabu yake ya kila siku, akaondoka bila kumuaga mama.

Ili mtu aelewe jinsi jambo hilo lilivyomkata maini, ni lazima ajue alikotoka. Mumewe alikuwa seremala. Alipofariki, shemeji yake alikuja na mkokoteni kuchukua vifaa, maana mwanamke atavifanyia nini? Alimkuta mjane yuko benchini, maranda mpaka kwenye nyusi, anapiga randa mlango wa mteja ambao marehemu aliuacha nusu. "Nikimaliza huu tutaongea," alimwambia. Shemeji alisubiri mpaka saa ya chakula, akaona mlango unavyoingia kwenye fremu yake bila kukwaruza, akarudi na mkokoteni mtupu. Jina la Mama Randa lilianza siku hiyo, na kwa miaka kumi na saba aliishi kwa milango, vitanda na makabati. Bintiye, aliyefanyia kazi za shule juu ya benchi hilohilo, ndiye aliyemwingiza kwenye meza za watoto. Alimwita darasani siku moja, akamwonyesha watoto wakichorea kwenye madawati ya wakubwa yaliyokatwa miguu: mabega yamegusa masikio, miguu inaning'inia mpaka inakufa ganzi, mmoja kidevu chake kimekaa mezani kabisa. "Mama, hawa wanachora kwa shingo," alisema. "Huwezi kuwafanyia kitu?"

Kwa hiyo haikuwa kazi ya kawaida iliyoharibika. Ilikuwa kazi aliyoombwa na mwanawe.

Kamati ya wazazi ilimpa wiki tatu. Mzungumzaji mkuu alikuwa baba yake Kifaru, mchomeleaji vyuma, mtu wa maneno machache mwenye makovu ya cheche mikononi. Alisema waziwazi kwamba yeye angependa meza zote arudishiwe fundi, lakini wenzake wakitaka kumpa fundi nafasi, basi siku ya kuzirudisha shuleni zijaribiwe mbele yao, na watoto wasiinue ubao wowote kabla.

Wiki ya kwanza Mama Randa hakushika msumeno. Aliomba ruhusa ya kukaa darasani. Mwalimu mkuu alikubali kwa shingo upande, na bintiye alimwonyesha pa kukaa kwa kidole, bila neno. Kila asubuhi alikaa sakafuni kwenye kona, daftari pajani, mkono wa kushoto umefungwa bendeji kama glavu ya bondia, akiwatazama watoto wakichora kwenye mbao zilizolazwa na kufungwa kamba.

Siku ya pili msichana mmoja alimjia, akamchunguza vizuri.

"Bibi, wewe umerudishwa darasa?"

"Ndiyo, mjukuu wangu."

"Ulifeli nini?"

"Meza."

Yule mtoto alifikiri kidogo. "Hata mimi kumeza dawa kunanishinda," alisema, akarudi kuchora.

Bintiye alisikia. Mama Randa aliona mabega yake yakitikisika, lakini alipogeuka uso ulikuwa mkavu.

Aliyoyaona kwenye ile kona yalimfedhehesha kuliko kamati. Kwenye michoro yake mtoto alikaa wima, nyayo zote mbili chini, viwiko pembeni. Humu chumbani hakukuwa na hata mmoja wa namna hiyo. Huyu alipiga goti moja kwenye kigoda. Huyu alisimama na kuegemeza tumbo. Wawili walitumia mkono wa kushoto na kugeuza mwili wote, wakimpa jirani mgongo. Wote, bila kukosa, walisukuma. Alikuwa amewapima urefu, mikono na miguu kwa futi kamba, milimita kwa milimita, wakiwa wamesimama tuli kwa amri ya mwalimu. Hakuwa amewapima wakiwa kazini.

Wiki ya pili alichonga. Redio alishika mahali ambapo mkono mbovu ulishindwa, na kwa mara ya kwanza alifanya kazi akiwa kimya, mpaka Mama Randa akamwomba aongee chochote, hata uongo, kimya kinamtia wasiwasi. Meno mapya yalikuwa marefu na yaliinama kama ndoano, hivi kwamba kadiri ubao ulivyosukumwa ndivyo egemeo lilivyozidi kuzama. Kulitoa kulihitaji kuinua kwanza, kisha kuvuta. Mtoto aliweza, ila si kwa bahati mbaya. Kwenye pembe nne za fremu aligundisha na kukaza kwa skrubu vitalu vya mpira, ili hata egemeo likivunjika kabisa, ubao ukomee juu ya vitalu na kuacha uwazi wa vidole viwili vya mtu mzima. Vigoda akavipanua, vikawekwa sifongo, maana watapiga magoti tu. Chini akaongeza ubao wa kukanyagia. Matundu ya rangi akayaleta karibu na kila mtoto, asiwepo wa kujirusha tena kuifuata bluu.

Walijaribu kwa mifuko ya mchanga. Walijaribu kwa kuzitikisa, kuzivuta, kuzipiga teke. Muuza nyama wa jirani, mtu mwenye mwili wa kutosha watu wawili, aliombwa apande juu ya ubao uliosimama kwenye jino la nne na kujisukuma mbele na nyuma. "Nikianguka nitakukata mguu mmoja nikauze," alionya. Hakuanguka. Mama Randa hakucheka. Usiku alilala akiota vidole.

Siku ya kamati walikutana chumba kilekile. Watu wanane walisimama kuzunguka meza moja. Alieleza meno, akaeleza vitalu, akaushusha ubao kwa makusudi huku mkono wake uliopona nusu ukiwa katikati ya uwazi. Bintiye alifumba macho. Ubao uligota kwenye mpira, vidole vikawa salama chini yake.

Baba Kifaru alichuchumaa, akachungulia, akapitisha dole gumba kwenye kila jino kama mtu anayekagua weldi.

"Hii ni kazi," alisema. Kisha akasimama. "Nina swali moja. Ile ya kwanza, kuna mtu aliyekwambia kabla?"

Mwalimu mkuu alitazama madirishani. Mama Randa alihisi vidole visivyo na kucha vikimpwita.

"Kuna aliyeniambia," alisema. "Mwalimu huyu. Ijumaa ile, siku ya pili tu. Aliniambia meza moja imeshuka, nami nikamjibu kwa dharau, bila kuja kuangalia, kwa kuwa niliona najua. Akaniamini. Mwenye kuulizwa ni mimi, si yeye. Nilipaswa kulisema hili ofisini siku ileile, nikaogopa kumponza, na kwa kuogopa nikamponza zaidi."

"Ungechelewa dakika mbili," baba Kifaru alisema taratibu, "tungekuwa tunaongea mengine."

"Ndiyo."

"Mwanangu ana vidole vya kushoto kwa sababu wewe goti lako lilivumilia."

"Ndiyo. Nalijua hilo. Silali nikalisahau."

Wakati wakubwa wakitafuta maneno, Kifaru, aliyekuja na baba yake na kuchoshwa na hadithi za meno, aliuachia mkono wa baba, akapenya katikati ya miguu yao, kichwa mbele, akapanda kigodani kwa magoti, na kujitupa kifua kizima juu ya ubao.

Baba aliruka. Mama Randa alimshika mkono. "Mwache," alisema, na hakujua ujasiri ule ameutoa wapi.

Kifaru alisukuma. Akapiga matako juu na chini kama anayeendesha farasi. Akashika kingo zote mbili kwa mikono yote, akajivuta, akasukuma tena. Fremu ililia kidogo, kri, na watu wazima wanane wakavuta pumzi kwa pamoja. Egemeo halikuhama hata unywele. Mtoto akageuka akawatazama wote.

"Karatasi ziko wapi?" aliuliza.

Bintiye Mama Randa ndiye aliyeleta karatasi. Alipopita nyuma ya mama yake alimgusa mgongoni, mara moja, kama mtu anayejaribu pasi kama imepoa.

Meza zilirudi zote kumi na moja, na ile ya sampuli ikawa ya kumi na mbili. Baba Kifaru hakuaga kwa furaha, alisema, "Tutaona." Kisha kila Ijumaa mchana alipita shuleni na nguo zake za kazi, akaingia chumba cha sanaa watoto wakiwa nje, akazisukuma meza moja baada ya nyingine, akachuchumaa, akachungulia, akaondoka bila kusema kitu. Binti alimpigia mama simu kila mara baada ya ziara hizo. Mwanzoni simu zilikuwa fupi, "Amekuja, hakusema kitu," basi. Ya tatu ilikuwa na habari za mtoto aliyempaka mwenzake rangi ya kijani masikioni. Ya nne walicheka.

Ijumaa ya tano simu iliita mapema kuliko kawaida. Mama Randa aliipokea kwa mkono wa kushoto, ambao kucha zake zilikuwa zimeanza kuota, moja imenyooka na nyingine imepinda.

"Leo hakuja," binti alisema.

"Pengine ana kazi nyingi."

"Hana. Nimemwona kwenye karakana yake amekaa, anakunywa chai. Nimempungia, naye akanipungia. Mama, Jumapili uko nyumbani? Nataka nije nishinde."

"Njoo," alisema Mama Randa. Alipokata simu alimkuta Redio amesimama karibu, brashi inadondosha vanishi sakafuni, anasubiri habari. Alimweleza yote, neno kwa neno, kisha akamwambia aifute ile vanishi kabla haijakauka.